Miaka Niliyonunua Mashuka ya Mtopanga

Siku ya kuniaga mlinipa keki, saa ya ukutani na hotuba nne. Hotuba zote zilisema nilikuwa mwaminifu. Hakuna iliyomtaja mtu aliyewahi kula nami chakula cha mchana, na sikushangaa, kwa kuwa hakuwapo. Baadaye ninyi vijana wa stoo na wa ofisi ya ununuzi mkaniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Basi naandika. Vyeo nitavipita, vilikuja kwa kuchelewa na havikubadilisha hata kiti nilichokalia. Nitaeleza nilichojifunza kwa mikono, kisha niwape habari ya mashuka, ambayo najua wengine wenu mmeisikia nusu nusu.

Jina langu Wakesho. Nilizaliwa milima ya Taita, nikashuka Mombasa nilipomaliza chuo, nikaajiriwa karani wa stoo katika hospitali ya serikali upande huu wa Changamwe. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyenye visigino. Sakafu ya stoo ilikuwa ya saruji iliyochimbika, na kufikia saa nne nilikuwa nimevivua na kuvificha nyuma ya maboksi ya glavu. Mkuu wa stoo aliviona, akavichukua, akaviweka juu ya rafu karibu na pamba.

Huyo mkuu alikuwa Mzee Athmani, mtu wa Kisauni, mrefu, mkavu, kofia yake ya kiua imefifia rangi kwa kufuliwa. Alipomaliza chai yake aliniita.

"Ndoo hapa, mwanangu. Fumba mato."

Nikafumba. Akaniwekea shuka moja mkono wa kulia na jingine wa kushoto.

"Lipi zito?"

"La kushoto."

"Lipi zuri?"

"La kushoto," nikasema tena, kwa kujiamini.

"Hilo limetiwa wanga. Ulifue mara moja tu, litakuwa kama wavu wa dagaa. Mato yatakudanganya, na karatasi itakudanganya zaidi. Sasa lisugue hivi, kati ya vidole, mpaka unga utoke. Mkono ndio utakaokulisha hapa."

Hadi leo, nikiingia duka la vitambaa, mkono wangu unasugua kabla sijamwamkia mwenye duka. Ninyi nanyi sugueni. Vuteni mshono kwa mikono miwili, upana hadi upana. Ukiona mwanga kati ya nyuzi, rudisha mzigo. Sampuli ipelekeni kwenye chumba cha kufulia kabla ya kutia sahihi, hata kama mwenye mzigo anakuna kichwa mlangoni akisema gari linamngoja.

Somo la pili lilikuja siku ya tatu. Muuza sabuni mmoja alileta kreti ya soda, na joto la stoo mnalijua. Nilikuwa nimeshaifungua ya kwangu. Mzee Athmani aliichukua mkononi mwangu, akamrudishia yule bwana kwa adabu zote.

"Twashukuru sana. Ila hapa hatunywi."

Alipoondoka, Mzee akanigeukia. "Usinywe maji ya mtu anayekuuzia. Usile harusini kwake, usikae matangani kwake. Si kwamba ni mtu mbaya. Ni kwamba siku ya kumrudishia mzigo wake utaikumbuka pilau yake."

"Na wenzetu wa hapa hapa ofisini?"

"Hao ndio wanaotumwa na wauzaji."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo nikala chapati na maharagwe yangu kati ya rafu za bandeji, na Mzee akala mkate wake upande wa pili wa rafu hizo hizo. Hatukuonana, ila nilimsikia akitafuna, na kusikia mtu akitafuna ni kuwa na mwenzi kwa namna fulani.

Nilifanya naye kazi miaka kumi na minne. Alistaafu, na mwaka haujaisha akafariki. Nilivuka kisiwa kizima hadi Kisauni, nikakaa ndani na wanawake. Mjane wake akaniuliza kwa upole, "Mwenzetu, wewe ni nani?"

"Nilikuwa naye kazini, mama. Miaka kumi na minne."

 "Hakuwahi kututajia mtu wa kazini," akasema.

Nilirudi kazini kesho yake. Saa ya kula, upande wa pili wa rafu ulikuwa kimya, kama ulivyokuwa tangu alipostaafu.

Miaka ikapita. Mume wangu, Mwakio, alifanya kazi bandarini kwa zamu. Mara nyingi mmoja wetu alikuwa anaingia nyumbani na mwingine anatoka. Tulipanga Port Reitz. Hatukujaliwa watoto. Nilihamishwa kutoka stoo hadi ofisi ya ununuzi, yaani kutoka kukagua mizigo hadi kukagua karatasi, na nikagundua kwamba karatasi nazo hutiwa wanga.

Kisha ikaja sheria ya kwamba sehemu ya manunuzi ya serikali itengewe vijana, akina mama na watu wenye ulemavu. Kazi ilipogawanywa ofisini, faili la vijana liligombaniwa, la akina mama likagombaniwa, na la watu wenye ulemavu likabaki mezani. Mkuu wangu akalisukuma kwangu kwa ncha ya kalamu. "Wakesho, wewe huna haraka," akasema.

Ombi la kwanza lilikuwa la mashuka ya wodini. Kampuni iliyoomba ilikuwa na karatasi safi kupita kiasi: kila muhuri mahali pake, kila ukurasa umebanwa sawasawa. Mkurugenzi wake alikuwa mwanamke mwenye ulemavu, Dama Kazungu, wa Mtopanga. Nilisugua karatasi zile kati ya vidole, kwa mazoea tu, kisha nikaomba barua ya ruhusa ya kwenda kuithibitisha ofisi yake.

Mtopanga nyumba zimesongamana, na niliuliza watu watatu kabla ya kuonyeshwa banda la mabati nyuma ya mahali wanapouza makaa. Ndani mlikuwa na cherehani sita, meza ndefu ya kukatia vitambaa, na watu wakishona. Mwanamke wa umri wangu akainuka kwa magongo yake mawili.

"Hodi," nikasema.

"Karibu, dada. Waja kushonesha?"

"Namtafuta mkurugenzi, Dama Kazungu."

Akageuka nyuma, kana kwamba huyo mkurugenzi huenda amesimama pale. "Dama Kazungu ndimi. Hilo la mbele silijui."

Nikampa karatasi. Alisoma polepole, akifuata kwa kidole. Uso wake ukabadilika alipofika chini.

"Sahihi ni yangu," akasema. "Kuna bwana alikuja hapa akasema anaandikisha watu wapewe viti vya magurudumu. Nikatia sahihi. Kiti sijakiona hadi leo." Akainua kichwa. "Kwa hivyo nimekuwa mkurugenzi, na mimi mwenyewe sijaambiwa?"

Akaanza kucheka. Aliwageukia wenzake, "Jamani, nipisheni! Mkurugenzi apite!" na waliosikia wakacheka, na wengine kwa kuwaona hao. Mwanamume mmoja aliyekuwa kwenye meza ya kukatia alituangalia tu, mkasi mkononi, mpaka Dama alipomweleza kwa ishara za mikono. Hapo naye akacheka, wa mwisho, kwa sauti nzito isiyo na maneno. Huyo alikuwa Kalume, mkata vitambaa wao, kiziwi tangu utotoni. Wengi wao pale walikuwa viziwi. Wengine walikuwa na miguu kama ya Dama, na mama mmoja alikuwa na mkono mmoja na alikuwa akikunja nguo kwa kasi ambayo mimi siiwezi kwa miwili.

Dama aliagiza niletewe maji kwenye gilasi.

"Sinywi nikiwa kazini," nikamwambia.

"Hata maji?"

"Hata maji."

"Basi kazi yako ina kiu, dada."

Nilipokuwa nikiondoka alinifuata hadi mlangoni. "Hebu niambie. Hayo mashuka, sisi wenyewe hatuwezi kuyashona?"

Nikamweleza yale ambayo mtu yeyote angeelezwa: kusajili kikundi, kupata cheti, kuangalia ubao wa matangazo. Akaniomba nimjazie fomu. Nikamwambia siwezi, kwamba nikimjazia nitakuwa nimefanana na yule bwana wa viti. Alitikisa kichwa kukubali.

Niliandika ripoti, na kampuni ile ikaondolewa. Kumbe mwenye kampuni, yule wa kweli, alikuwa na marafiki wengi katika jengo letu. Hakuna aliyenigombeza. Ila kile kikundi cha chai ya saa nne, kilichokuwa kikikutana chumba cha jirani, kilihamia kwingine na hakuna aliyeniambia ni wapi. Sikuwa nakunywa chai yao. Nilikuwa nimezoea tu kuwasikia kupitia ukutani.

Kikundi cha Dama kilileta zabuni yake ya kwanza kwenye bahasha iliyofungwa kwa uzi wa cherehani. Tulizifungua mbele ya kamati. Nilipofika ukurasa wa tano nikaona nafasi tupu pale panapotakiwa muhuri. Wajumbe wengine hawakuwa wameona. Nilihesabu pumzi zangu tatu, kisha nikasema, "Ukurasa wa tano hauna muhuri." Barua ya kuwakatalia niliiandika mimi.

Dama alikuja nayo mkononi. "Ni muhuri tu, madam?" Kule Mtopanga nilikuwa dada, ofisini alijifunza haraka kuniita madam.

"Ni muhuri tu."

"Na ndiwe uliyeona haupo?"

"Ndimi niliyeona."

Aligeuka. Sauti ya magongo yake niliifuata kwa masikio hadi mwisho wa ukumbi.

Walirudi tena mwaka uliofuata, na kila ukurasa ukiwa na muhuri, hata ule usiohitaji. Walishinda. Siku ya kutia sahihi Dama alivaa kanga mpya na Kalume shati la mikono mirefu, na Dama akatia sahihi polepole sana, kama mtu anayekata kitambaa cha ghali.

Mzigo wa kwanza ulifika kwa pikapu. Nilishuka stoo mwenyewe kuukagua, ingawa haikuwa kazi yangu tena. Nilisugua, nikavuta mishono. Haikuwa na kasoro. Mishono ile ilinyooka kama mstari wa rula. Nikatoa sampuli kumi zikafuliwe. Alasiri tukazitandika wodini, na zote kumi zilikuwa fupi. Shuka likichomekwa upande wa kichwani, upande wa miguuni godoro lilibaki wazi.

Kamati ilikaa siku hiyo hiyo. Mjumbe mmoja, ambaye urafiki wake na ile kampuni ya zamani haukuwa siri, aliegemea kiti chake. "Mimi nilisema. Tunawahurumia, lakini wodi ya wagonjwa si mahali pa huruma. Turudishe mzigo, tuvunje mkataba, tutafute watu wanaojua kazi." Wote wakaniangalia mimi. Nikaandika hati ya kukataa mzigo, nikampigia Dama simu.

Walifika asubuhi iliyofuata, yeye na Kalume. Dama hakukaa.

"Madam, ulitufikisha hadi mlangoni, kisha ukatufungia. Wale watu pale bandani wameacha kazi zote za mtaa kwa ajili ya mashuka haya. Mkataba ukivunjwa sasa, nani atatupa mwingine? Watasema walemavu walijaribu, wakashindwa. Watalisema hilo miaka ishirini."

 Kalume naye alikuwa ameshafika kwenye kaunta. Alichukua shuka ambalo halijafuliwa, akalitandaza, akatoa futi yake mfukoni, akapima, akanionyesha. Kipimo kilikuwa sawasawa na mkataba. Kisha akaufungua mkataba wenyewe, akaweka kidole chini ya mstari mmoja, na kwa mkono mwingine akaonyesha upande wa chumba cha kufulia. Akanitazama akingoja.

"Anauliza," Dama akasema, "hapa pameandikwa kipimo cha kabla ya kufua au cha baada ya kufua?"

Nikasoma. Hapakuandikwa lolote.

Nilijua palepale. Mstari ule niliunakili kutoka mkataba wa zamani, wa kitambaa mchanganyiko kisichorudi, yaani kisichopungua urefu, kikifuliwa. Mwaka ule mimi mwenyewe nilikuwa nimependekeza pamba tupu, kwa sababu wagonjwa walilalamika joto. Nilibadilisha kitambaa, nikasahau kubadilisha kipimo. Pamba hurudi. Mtoto wa fundi anajua hivyo. Wao walishona nilichoandika.

Niliwaambia wanipe hadi alasiri. Saa ya kula nilishuka stoo, nikakaa kati ya rafu kama kawaida na sikuweza kula. Ningeweza kunyamaza. Katika jengo lile zima hapakuwa na mtu mwingine ambaye angeusoma ule mstari kwa namna alivyousoma Kalume, na neno lake mbele ya kamati lisingefika popote. Mzee Athmani alinifundisha nini cha kufanya muuzaji akikosea. Hakunifundisha siku ambayo mnunuzi ndiye amekosea, na nilitamani angalau awepo upande wa pili wa rafu nimuulize.

Alasiri nikaingia kwenye kamati na karatasi niliyoiandika kwa mkono. Nikaisoma. Ilisema kosa ni langu, vipimo niliviandika mimi, mzigo umetimiza mkataba neno kwa neno, na hati ya kukataa niliyoitoa jana naifuta.

Yule mjumbe akaniuliza, "Wakesho, umefikiria sawasawa? Hili litaingia kwenye faili lako."

"Liingie."

Mzigo ukapokelewa. Mashuka yale mafupi yalikwenda wodi ya watoto na kwenye machela, na yakatumika hadi yakaisha. Yaliyobaki kushonwa tuliyaongezea urefu kwa kuuandika upya ule mstari. Mimi nikapewa barua ya onyo. Kwenye faili langu nina barua nyingi, na hiyo ndiyo pekee niliyoitafuta mwenyewe. Kwa hivyo, vijana, andikeni daima: kipimo baada ya kufuliwa mara tatu. Maneno sita tu.

Baada ya hapo walituletea mashuka, magauni ya wagonjwa na mapazia kwa miaka mingi. Zabuni nyingine walishinda, nyingine walishindwa, kama wengine wote. Kila mzigo ulipofika nilishuka kaunta. Mara nyingi Kalume alikuja na dereva tu, bila Dama, na ilibidi tuelewane. Akanifundisha ishara: fupi, ndefu, uzi, rudisha, nzuri, kesho. Viziwi humpa mtu jina la ishara, na langu lilikuwa mikono miwili ikivuta mshono. Dama aliniambia Mtopanga nzima wananijua kwa jina hilo. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Kalume alipooa waliniletea kadi. Sikwenda. Mamake Dama alipofariki nilisikia kutoka kwa dereva. Sikwenda, wala sikutuma rambirambi, maana hata rambirambi ni kitu kinachotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Dama hakunilaumu kamwe. Aliizoea ile kiu ya kazi yangu akaiheshimu, na hilo nalo lilikuwa gumu kwangu.

Kisha Mwakio akaugua, na haikuchukua muda. Matanga yalikaa nyumbani kwetu Port Reitz kabla ya kumsafirisha Taita. Watu wa kanisa walikuja, jamaa wakaja, kutoka ofisini likaja shada la maua lenye kadi iliyopigwa chapa. Siku ya tatu, mchana, shemeji yangu alikuwa dirishani.

"Wale ng'ambo ya barabara ni nani? Wamesimama pale muda mrefu juani."

Nikaenda kuangalia. Walikuwa wanne, wamejipanga kando ya ukuta wa jirani. Dama na magongo yake, Kalume, yule mama wa mkono mmoja, na msichana mmoja wa cherehani. Wamevaa nguo za heshima.

"Ni watu wa kazi," nikasema.

"Mbona hawaingii? Niwaite?"

"Wanajua."

Shemeji hakuelewa, na sikumweleza. Mwezi ule zabuni ilikuwa wazi. Bahasha yao ilikuwa kabatini kwangu pamoja na za wenzao, hazijafunguliwa, na ufunguo ulikuwa ndani ya mkoba wangu pale kitini. Wangevuka barabara, wangeshika mkono wangu, na mtu yeyote mwenye kijicho angekuwa na la kuandika. Walilijua hilo sawa na mimi. Ndiyo maana walisimama upande ule.

Nilisogea hadi mlangoni nikashika pazia. Kalume aliniona wa kwanza. Akaweka kiganja kifuani, akakishusha polepole, akairudia. Haikuwa ishara niliyofundishwa, lakini ile mtu huielewa. Nilitaka kuijibu. Mkono mmoja ulikuwa umeshika pazia na mwingine haukuinuka. Wakakaa kidogo tena, kisha Dama akageuza magongo yake, wakaondoka kwa mwendo wake.

Tulipokutana tena ilikuwa kaunta, kwenye mzigo. Dama akasema pole kwa sauti ya kazi, nami nikasema asante kwa sauti ya kazi, tukaanza kuhesabu magauni.

Nilifanya kazi miaka sita zaidi. Hayo mengine mnayajua, mlikuwapo.

Wiki ya tatu baada ya kuniaga niliamka asubuhi, nikavaa, nikakumbuka sina pa kwenda. Ile saa yenu ya ukutani ilikuwa ikigonga. Nikatoka. Nilipofika Mtopanga nikakuta banda limekuwa chumba cha matofali, kina kibao mlangoni na cherehani zaidi ya kumi. Dama hakuwapo, alikuwa amevuka feri kwenda Likoni kupima madirisha ya shule moja ya serikali pamoja na afisa wao wa ununuzi. Hapakuwa na mtu hata mmoja mle ndani wa kuzungumza nami kwa mdomo.

Kalume aliacha mkasi. Amepata mvi, na tumbo dogo. Akanikaribisha kitini, akavuta mshono hewani kuwaonyesha wasichana mimi ni nani, nao wakainua mikono na kuitikisa, ndivyo wanavyopiga makofi. Akaleta chai ya maziwa na mahamri. Nikanywa. Nikaongezwa, nikanywa tena.

Kisha tukakaa. Nikamwambia kwa ishara: mshono, mzuri. Akajibu: asante. Nikauliza: kitambaa, sawa? Akajibu: sawa. Akaniuliza: uzi, umeona? Nikasema nimeona, nzuri. Na hapo nikafika mwisho wa lugha yangu. Nilitaka kumwuliza ana watoto wangapi. Nilitaka kumweleza habari ya ile siku ya pazia. Nilijua kumwambia rudisha, nilijua kumwambia fupi. Miaka yote ile mikono yangu haikuwahi kujifunza neno lisilohusu mzigo.

Akaniuliza jambo. Sikuelewa. Akalirudia polepole zaidi, na bado sikuelewa, nikaona haya. Basi akachukua chaki yake ya kukatia, akaandika mezani, juu ya mbao yenyewe: Unaishi na nani?

Nikaipokea chaki. Nikaandika chini yake: Peke yangu.

Aliyasoma maneno yale kwa muda mrefu kuliko yalivyohitaji. Hakunipa pole. Aliyafuta kwa kiganja, yake na yangu, kisha akayasema kwa mkono yale niliyoyaandika mimi: akainua kidole kimoja mbele ya kifua chake na kukizungusha taratibu, akanionyesha kwa kidevu kwamba sasa ni zamu yangu.

Nikafanya. Akatikisa kichwa kukataa. Akanishika kifundo cha mkono, akakiinua kidogo, maana nilikuwa nimekishusha mno. Nikarudia, akakataa tena. Mara ya tatu alinitazama kwa makini, kama nilivyokuwa nikimtazama yeye pale kaunta, kisha akaipokea ishara yangu.